Soma Kitabu Kwanza, Mwongozo Utausoma Baadaye

Ikifika Septemba, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye hajawahi kuimaliza riwaya teule huanza kusaka mwongozo, yaani kijitabu cha uchambuzi wa riwaya hiyo. Atauazima kwa mwenzake, atautoa nakala, kisha ataanza kukariri: sifa saba za mhusika fulani, umuhimu wake hoja tano, maudhui kumi na mawili. Siku ya mtihani anafungua karatasi na kukutana na sentensi moja iliyochomolewa katikati ya kitabu, akiulizwa nani aliyasema maneno hayo, alimwambia nani, walikuwa wapi na kwa nini. Hapo mwongozo hauna la kumwambia.

Sina ugomvi na miongozo. Ugomvi wangu ni na mpangilio: mwongozo unasomwa kwanza, kitabu kinasomwa nafasi ikipatikana, na nafasi haipatikani. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, yaani 102/3, humlipa aliyeisoma matini yenyewe, na sehemu mbili kati ya tano za karatasi hiyo hazihusu kitabu teule chochote.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huingia ndani hawajaifanya. Kiswahili kina alama 200: Insha 40, Lugha 80, Fasihi 80. Karatasi ya Fasihi huchukua saa mbili na nusu. Ina sehemu tano, nazo ni riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20, na huruhusiwi kujibu mawili kutoka sehemu moja. Swali la kwanza ni la lazima, na sehemu linakotoka hubadilika mwaka hata mwaka. Maana yake ni kwamba unaweza kuiacha sehemu moja tu, tena ukiomba isiwe ndiyo iliyobeba swali la lazima. Anayesema tangu kidato cha tatu kwamba ushairi si wake, ameweka rehani alama 20 kabla hajaona swali hata moja. Na anayeacha ushairi na fasihi simulizi zote mbili hawezi kabisa kutimiza maswali manne.

Riwaya na tamthilia nitazizungumzia pamoja kwa sababu matayarisho yake yanafanana. Usomaji wa kwanza uwe wa kufuata kisa tu, bila kalamu, na usizidi wiki moja kwa kitabu. Ukikisoma kwa miezi mitatu, sura ya kwanza utakuwa umeisahau ukifika ya mwisho. Usomaji wa pili ndio wa penseli na daftari. Tenga kurasa mbili kwa kila mhusika mkuu na ukurasa mmoja kwa kila mhusika mdogo. Kila unapokutana na tendo lake, andika tukio kwa ufupi, nambari ya ukurasa, kisha ujiulize tukio hilo linathibitisha nini. Tukio moja zuri hutumika mara tatu. Baba anapomnyima bintiye karo na kumnunulia kijana wake pikipiki, hapo una sifa ya baba (mbaguzi), una maudhui (nafasi ya mtoto wa kike), na pengine una kinaya, kama baba huyohuyo ndiye anayehubiri usawa kwenye mikutano ya kijiji. Mwongozo utakupa neno "mbaguzi". Tukio lenyewe, pamoja na mahali lilipotokea, utalitoa kitabuni.

Tofauti hiyo ndiyo ya alama. Swali la alama 20 kwa kawaida husahihishwa kwa hoja kumi za alama mbili mbili, moja ya kutaja na moja ya kuthibitisha. Mtahiniwa anayeorodhesha sifa kumi bila ushahidi hutoka na nusu ya alama, hata kama hakukosea hata moja. Tena kuna mtego wa visawe. "Mpenda haki", "mtetezi wa haki" na "anayepinga dhuluma" zinaonekana kuwa hoja tatu, lakini msahihishaji ataziona kuwa moja, hasa zikitegemea tukio lilelile.

Usomaji wa tatu ni wa dondoo, yaani maneno yaliyochomolewa kitabuni, na huu haufai kufanywa peke yako. Wakati wa prepu, mwenzako afungue ukurasa wowote akusomee sentensi moja iliyosemwa na mhusika. Wewe utaje mambo manne: msemaji, msemewa, mahali, na kilichosababisha maneno hayo. "Eleza muktadha wa dondoo hili" huwa na alama nne, na alama hizo hugawiwa kwa hayo manne. Makosa hapa yanajirudia. Wapo wanaotaja msemaji na msemewa, kisha wakasimulia sura nzima kwa nusu ukurasa bila kusema walikuwa wapi. Wapo wanaoandika "walikuwa nyumbani" ilhali kitabu kina nyumba tatu. Na wapo wanaosahau kwamba si kila dondoo ni mazungumzo: mengine ni mawazo ya mhusika, mengine ni maneno ya barua, mengine ni ya msimulizi wa riwaya mwenyewe. Kumpa msimulizi maneno ya mhusika ni kupoteza muktadha wote.

Baada ya muktadha huja sehemu ya pili ya dondoo, ambayo mara nyingi ni mbinu za kimtindo zilizotumika katika maneno hayo. Hapa swali ni la dondoo, si la kitabu. Kama kuna methali, inukuu kama ilivyo. Kama ni tashbihi, utaona "kama", "mithili ya" au "sawa na". Pasipo kiunganishi hicho na bado kitu kimoja kimefanywa kuwa kingine, hiyo ni sitiari. Taharuki (hamu ya kujua litakalofuata) na mbinu rejeshi (kurudi kwenye matukio ya nyuma) ni mbinu za sanaa, kwa hivyo ukiulizwa tamathali za usemi usizilete. Kinaya nacho huchanganywa na kejeli kila mwaka. Kinaya ni mambo kwenda kinyume na yaliyotarajiwa, kejeli ni maneno ya kudharau. Mhusika anaweza kukejeli bila kinaya chochote kutokea.

Neno moja kuhusu makundi yanayozunguka shuleni kuigiza vitabu teule, na video zake. Zinasaidia, hasa kwa tamthilia, kwa kuwa tamthilia iliandikwa ichezwe na si isomwe kimyakimya. Lakini waigizaji huongeza vichekesho, huunganisha maonyesho, huondoa wahusika wadogo ili wasihitaji watu wengi jukwaani. Mwanafunzi asiyerudi kitabuni ataandika mtihanini maneno ambayo mtunzi hakuyaandika popote. Tazama igizo baada ya usomaji wa kwanza. Ukilitazama kabla, sura za waigizaji zitakutawala kichwani na hutaiona tena matini.

Hadithi fupi ndizo zinazowaadhibu wabashiri. Kitabu ni mkusanyiko wa hadithi, kwa hivyo watu hukisia hadithi tatu "zinazokuja" na kuziacha nyingine. Kisha swali linasema: kwa kurejelea hadithi zozote nne, jadili suala fulani. Alama 20 kwa hadithi nne ni tano tano, na aliyesoma tatu ameshapoteza tano kabla ya kuandika neno. Dawa ni jedwali. Safu za juu ziwe hadithi zote, safu za pembeni ziwe maudhui makuu: ufisadi, elimu, ndoa, tabaka, nafasi ya mwanamke, migogoro ya vizazi. Katika kila kisanduku andika tukio moja. Visanduku vingine vitabaki wazi, na ni vyema, kwa sababu vinakuonyesha hadithi ambayo hutaigusa swali hilo likija. Kamwe usichanganye majina ya wahusika wa hadithi moja na nyingine. Hoja yenye mhusika asiye wa hadithi hiyo haina alama, iwe imeelezwa vizuri namna gani.

Sasa ushairi, ambako naamini ndiko alama rahisi zaidi ziliko na ndiko zinakokimbiwa zaidi. Shairi halihitaji kukariri kitabu. Limechapishwa mbele yako. Unachohitaji ni istilahi chache na macho ya kuhesabu. Chukua ubeti huu, nilioutunga kwa ajili ya zoezi tu:

Langu jembe lakatika, mpini u mkononi,
Mavuno yamezoleka, yamekwenda maghalani,
Walolima wateseka, chakula hawakioni,
Nani aliyeiweka, haki yetu kifungoni?

Anza na penseli, usianze na maana. Mishororo, yaani mistari, ni minne, kwa hivyo ni tarbia. Ingekuwa miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, mitano takhmisa. Kila mshororo una vipande viwili, kwa hivyo kwa kigezo cha vipande ni mathnawi; vipande vitatu vingekuwa ukawafi. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Hesabu mizani, yaani silabi: la-ngu-je-mbe-la-ka-ti-ka ni nane, m-pi-ni-u-m-ko-no-ni ni nane, jumla kumi na sita. Angalia jinsi "m" ya "mpini" na ya "mkononi" zilivyohesabiwa kuwa mizani, jambo ambalo wengi hulisahau wakapata sita. Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, vya ndani ni -ka, vya nje ni -ni.

Je, bahari, yaani aina ya shairi, kwa kigezo cha vina ni ipi? Kwa ubeti mmoja huwezi kujua. Lazima utazame shairi zima. Vina vya ndani na vya nje vikibaki vilevile hadi mwisho, ni mtiririko. Vya nje vikibaki na vya ndani vikibadilika, ni ukara. Vyote vikibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ni ukaraguni. Wengi huandika "ukaraguni" kwa mazoea bila kugeuza jicho hadi ubeti wa mwisho. Chunguza pia mshororo wa mwisho wa kila ubeti. Ukirudiwa kila mara ni kibwagizo, au kiitikio. Ukibadilika ni kiishio, au kimalizio. Na kibwagizo kikiwa kifupi kuliko mishororo mingine, una msuko. Katika kila jibu la bahari, toa sababu: "Ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne." Ukiandika "tarbia" peke yake utakuwa umetaja tu.

Uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, ndio unaonifurahisha zaidi, na ndio unaoharibiwa zaidi. "Walolima" imetumika badala ya "waliolima". Hiyo ni inkisari, yaani kufupisha neno, na sababu yake inaonekana kwa vidole: wa-li-o-li-ma-wa-te-se-ka ni mizani tisa, ilhali kipande kinataka nane. Kwa hivyo ukisema "ili kutosheleza idadi ya mizani" umesema kweli. Lakini tazama "langu jembe" badala ya "jembe langu". Hapo mshairi amefinyanga sarufi, yaani amegeuza mpangilio wa maneno. Mizani haikupungua wala kuongezeka. Kina hakikuguswa pia, kwa maana kipande bado kinaishia kwa "lakatika". Mwanafunzi aliyekariri ataandika tena "ili kutosheleza mizani", na atakuwa amekosea. Kilichofanyika ni kulitanguliza "langu" ili kusisitiza kwamba jembe ni la msemaji mwenyewe, na kuleta mapigo mazuri. Jifunze kuhesabu kabla ya kutoa sababu. Vivyo hivyo kwa mazda, ambapo neno hurefushwa kama "enenda" badala ya "enda", mizani huongezeka. Kwa tabdila, kama "kujuwa" badala ya "kujua", sauti hubadilika na mizani hubaki palepale.

Kisha huja nathari. "Andika ubeti wa kwanza kwa lugha ya nathari" huwa na alama nne, na ni za bure kwa anayejua kinachotakiwa. Usifafanue, usitoe maoni, usianze na "mshairi anasema". Geuza maneno ya kishairi yawe ya kawaida, panga sarufi, andika kwa aya: Jembe langu linakatika na mkononi nimebaki na mpini tu. Mavuno yamekusanywa yakapelekwa maghalani, lakini waliolima wanateseka na hawapati chakula. Ni nani aliyeifunga haki yetu? Angalia kwamba hakuna mshororo ulioachwa. Kosa la kawaida ni kuandika upya ubeti uleule, mishororo minne, kisha kufuta koma za katikati na kuamini kwamba kazi imeisha.

Nafsineni katika ubeti huu, yaani anayezungumza, ni mkulima aliyedhulumiwa. Ushahidi ni "langu jembe" na "haki yetu". Toni ni ya malalamiko. Mshororo wa mwisho una swali la balagha, lisilohitaji jibu. Usimwite nafsineni "mshairi", kwani mshairi anaweza kuwa mwalimu wa mjini asiyewahi kushika jembe. Shairi likiwa huru, hesabu hizi za mizani na vina ziweke kando na utafute mishata (mishororo isiyokamilika kimaana), takriri (marudio), na urefu usiolingana wa mishororo.

Fasihi simulizi wengi huiona kuwa ya kujibu kwa akili ya kawaida. Si kweli, na ndiyo sababu alama zake huwa hafifu kuliko zinavyotarajiwa. Kwanza, vipera vyake lazima viwe mahali pake: hurafa (za wanyama), usuli (za asili ya mambo) na mighani (za mashujaa) katika hadithi, vitendawili, misimu na lakabu (majina ya kupanga) katika semi, mbolezi (za msiba), nyiso (za jandoni), hodiya (za kazi) na kimai (za baharini) katika nyimbo, na miviga (sherehe za kimila) katika maigizo. Pili, ukipewa wimbo na kuulizwa ni wa aina gani, sababu itoke ndani ya wimbo. Ukisema ni bembelezi, nukuu maneno yanayomtaka mtoto alale. Ukisema ni mbolezi, onyesha palipotajwa kifo. Hoja za jumla kama "nyimbo huburudisha" na "nyimbo huelimisha" hazijibu swali linalosema "kwa kurejelea wimbo huu".

Swali la utafiti wa nyanjani nalo huja mara kwa mara: umepewa jukumu la kukusanya nyimbo za harusi katika jamii yako, eleza mbinu utakazotumia na matatizo utakayokumbana nayo. Hapa jibu liwe na harusi ndani yake. "Nitashiriki katika harusi kwa kuimba na wanaoimba ili nipate mahadhi halisi" ni jibu. "Kushiriki" ni neno tu. Matatizo nayo yafungwe na hali hiyo hiyo: wahojiwa wanaodai malipo, waliokataa kurekodiwa, gharama ya usafiri, nyimbo ambazo wanaume hawaruhusiwi kuzisikia. Na ukiulizwa ngomezi za kisasa, yaani kupasha ujumbe kwa milio, usibaki kwenye ngoma za kale. King'ora cha ambulensi, kengele ya shule na mlio wa simu ni mifano inayokubalika, mradi useme kila mmoja unapasha ujumbe gani.

Ndani ya chumba cha mtihani, saa mbili na nusu ni dakika 150. Dakika 35 kwa swali ni 140, na kumi zinazosalia ni za kuchagua maswali mwanzoni na kupitia majibu mwishoni. Anayetumia saa nzima kwa swali la riwaya kwa sababu analijua, ananunua alama mbili za mwisho kwa bei ya alama kumi za swali la nne. Hata ukilijua vipi, swali haliwezi kukupa zaidi ya 20. Utangulizi mrefu nao uache. Watu huuhamisha kutoka karatasi ya tatu ya Kiingereza, ambako fasihi hujibiwa kwa insha. Kwetu husahihishwa hoja, na aya nzima ya "tangu jadi fasihi imekuwa kioo cha jamii" huchukua dakika nne bila kuingiza chochote.

Soma kitenzi cha swali. "Taja" ni kutaja. "Eleza" na "fafanua" zinadai mfano. "Thibitisha" haikuombi maoni yako kama kauli ni kweli; inataka ushahidi wa kuiunga mkono tu, na anayepinga ameandika nje ya swali. Angalia mabano: (alama 6) mara nyingi ni hoja tatu zilizoelezwa, au sita zilizotajwa, na kitenzi ndicho kitakachokuambia ni ipi. Ukiweza, ongeza hoja moja ya akiba, kwa sababu mojawapo ya zako huenda ikahesabiwa kuwa rudufu. Si tatu za akiba, maana muda huo ni wa swali lijalo.

Kila hoja ianze aya yake. Weka nambari ya swali na herufi ya kipengele kama zilivyo kwenye karatasi, na usijibu 3(b) katikati ya 2(a) kwa sababu umekumbuka ghafla. Acha mistari minne mitupu mwisho wa kila swali. Hoja iliyokukimbia mwanzoni huwa na tabia ya kurudi baadaye, na itahitaji mahali pa kukaa.